Moshi wa Sigara Nyumbani na Nimonia ya Watoto: Somo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa siku nzima bila jua, watoto wa Thika na Ruiru hukohoa zaidi. Mama akimpeleka mtoto zahanati, au katika Hospitali ya Thika Level 5 au ya Ruiru Level 4, swali analoulizwa na jamaa karibu kila mara ni lile lile: hukumvalisha sweta? Ni mara chache sana mtu huuliza swali jingine ambalo kwa kifua cha mtoto lina uzito mkubwa: ni nani anayevuta sigara karibu naye?

Baridi peke yake haileti nimonia. Nimonia huletwa na viini, yaani virusi na bakteria, vinavyoshuka hadi kwenye mapafu na kuyajaza majimaji au usaha. Baridi ina mchango wake, lakini ni wa kuzunguka. Watu hujifungia ndani, madirisha hufungwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, watoto wanne hulala kitanda kimoja, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Kisha mvutaji ambaye mwezi wa Februari alikuwa akisimama uani na sigara yake, Julai huvutia mlangoni au ndani kabisa. Sweta ni nzuri, ila haizuii moshi.

Moshi unafanya nini kwenye kifua cha mtoto

Moshi unaomfikia asiyevuta hutoka sehemu mbili. Upo ule ambao mvutaji ameuvuta na kuutoa, na upo ule unaofuka wenyewe kutoka kwenye ncha ya sigara inayowaka kati ya pumzi moja na nyingine. Huu wa pili ndio mwingi zaidi katika hewa ya chumba, na haukupita kwenye kichungi cha sigara wala mapafuni mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia mtoto. Ndani ya moshi wa sigara mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Zaidi ya asilimia 80 ya moshi huo hauonekani kwa macho. Ndiyo maana chumba kinachoonekana safi dakika kumi baada ya sigara kuzimwa bado si safi. Chembe ndogo za moshi hubaki hewani kwa saa kadhaa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Wakiwa katika chumba kimoja, kwa kila kilo ya uzito wake mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko baba yake, na moshi pia. Njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe mdogo ambao mtu mzima angeuhisi kama kuwashwa koo tu humfanya mtoto akorome na kuhema. Ndani ya njia hizo mna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma makamasi na viini kurudi juu, vitemwe au vimezwe. Moshi huvidhoofisha vinyweleo hivyo na wakati huo huo huongeza makamasi. Bakteria wa pneumokokasi, ambao mara nyingi hukaa puani mwa mtoto bila kumdhuru, hupata njia ya kushuka. Vivyo hivyo virusi vya mafua vinavyomsumbua kaka mkubwa kwa siku nne vinaweza kumlaza hospitalini mdogo wake wa miezi mitano.

Sikio nalo huumia. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati huvimba, majimaji hukwama, na mtoto hupata maambukizi ya sikio yanayojirudia. Mtoto mwenye pumu hushikwa mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi. Kwa mama mjamzito, moshi wa watu wengine huweza kupunguza uzito wa mtoto atakayezaliwa, na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huanza maisha na mapafu yenye akiba ndogo.

Mtu mzima akikerwa na moshi huondoka. Mtoto wa miezi mitatu hubaki pale alipolazwa.

Ushahidi ni wa siku nyingi

Hili si jambo jipya. Mwaka 1974 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto wachanga zaidi ya elfu mbili wa eneo la Harrow, London. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, watoto ambao wazazi wote wawili walivuta sigara waliugua nimonia na mkamba zaidi ya mara mbili ya watoto ambao wazazi wao hawakuvuta. Waliokuwa na mzazi mmoja mvutaji walikuwa katikati.

Kwa wakazi wa Kiambu, utafiti wa kuangaliwa zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2011 ukijumlisha matokeo ya tafiti nyingi juu ya watoto wa chini ya miaka miwili. Ulionyesha kwamba kuishi na mvutaji yeyote nyumbani, awe mama, baba, mjomba au babu, huongeza uwezekano wa mtoto kupata maambukizi ya mapafu kwa takriban nusu. Neno la kushika hapo ni “yeyote”. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 19.1 ya wanaume wazima walitumia tumbaku ya aina moja au nyingine, na asilimia 4.5 ya wanawake. Kwa maneno mengine, mtu anayeulizwa maswali hospitalini huwa ni mama, na mwenye sigara mara nyingi ni mwanamume ambaye hayuko kwenye foleni.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 2011 katika jarida la tiba la Lancet yalihesabu kwamba moshi wa sigara za wengine ulisababisha vifo vya watoto 165,000 duniani kwa mwaka mmoja, 2004, kupitia maambukizi ya mapafu. Nimonia yenyewe, kwa sababu zake zote, iliua watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 740,000 duniani mwaka 2019, kulingana na Shirika la Afya Duniani.

Upande wa pili wa ushahidi unatia moyo. Uskoti ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma yaliyofungwa mwezi Machi 2006. Kabla ya hapo, idadi ya watoto waliolazwa kwa pumu ilikuwa ikipanda kwa asilimia 5 hivi kila mwaka. Baada ya marufuku ilianza kushuka kwa takriban asilimia 18 kwa mwaka. Wengi walidhani wavutaji wangehamishia sigara nyumbani kwa watoto. Haikuwa hivyo, watu waliozoea kutovuta ofisini na baani walianza kuona ajabu kuvuta sebuleni.

Ploti, korido na ukuta usiofika juu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu. Mji wa Ruiru peke yake ulikuwa na zaidi ya watu 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Wengi wao ni wapangaji, na wapangaji wengi wanaishi katika chumba kimoja au bedsita. Ushauri mwingi kuhusu moshi uliandikwa kwa ajili ya watu wenye nyumba ya vyumba vitatu na bustani nyuma. Kumwambia mpangaji wa Kiandutu “vutia kwenye chumba kingine” ni mzaha.

Chukua ploti ya kawaida, kama zilizojaa Makongeni, Gatongora au Githurai. Vyumba kumi na viwili vinatazamana, sita huku na sita kule, katikati korido. Kuta za ndani hazifiki kwenye mabati. Juu kuna nafasi ya kutosha paka kupita. Mpangaji wa chumba cha nne anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani, anakaa kitandani na kuwasha sigara. Moshi unapanda, unapita juu ya ukuta na kushuka chumba cha tano, ambako mtoto wa miezi saba amelala. Mama wa chumba cha tano hajawahi kushika sigara maishani, na mumewe pia. Ukimuuliza muuguzi wake kama nyumbani kuna mvutaji, jibu lililoandikwa kwenye kadi litakuwa “hapana”, na kwa kipimo cha moshi litakuwa si sahihi.

Mvutaji wa chumba cha nne si mtu mbaya. Huenda hata ndiye anayemnunulia mtoto yule biskuti. Hajui tu kwamba nafasi ile ya paka ni bomba la moshi.

Mambo ambayo watu hufanya wakidhani yanasaidia yanahitaji kusemwa waziwazi. Kufungua dirisha hakutoshi, kwa sababu upepo mara nyingi husukuma moshi ndani badala ya kuutoa. Kusimama mlangoni hakutoshi. Feni huusambaza tu. Kupuliza manukato kunaficha harufu na kuacha chembe palepale. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2007 kwamba hakuna mtambo wa kusafisha hewa wala uingizaji hewa unaoondoa hatari hii, na kwamba kinga ni mahali pasipovutwa kabisa. Sigara za kielektroniki nazo si mvuke wa maji mtupu. Zina nikotini na chembe ndogo zinazofika mapafuni. Shisha inayovutwa saa nzima hutoa moshi mwingi kuliko sigara moja.

Moshi wa sigara pia haumkuti mtoto kwenye hewa safi. Jiko la makaa, kuni na taa ya mafuta vinaongeza juu yake, na dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo huwashangaza wengi. Baadhi ya dawa hizo zilizopimwa nchini China na Malaysia mwaka 2003 zilitoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137 kwa kipande kimoja. Chandarua hakina moshi. Na jiko la makaa lisilalwe nalo ndani hata usiku mmoja. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na huua familia nzima.

Namna ya kumwambia mtu

Hapa ndipo penye ugumu. Mke mdogo aliyeolewa juzi hawezi kumwamrisha baba mkwe. Mpangaji mgeni hataki kukosana na jirani ambaye ndiye humfungulia geti usiku. Kwa hiyo wazazi wengi hunyamaza, wakafunga mlango na kutumaini.

Maombi hupokelewa vizuri zaidi yanapozungumzia mtoto badala ya tabia ya mvutaji, na yanapotaja mahali pengine pa kuvutia. Kwa mzee wa nyumba inaweza kuwa: “Baba, mtoto ameanza tena kuhema. Daktari amesema moshi usimfikie hata kidogo. Tumekuwekea kiti kule nyuma ya tangi, tukuombe uwe unavutia huko.” Kwa jirani: “Jirani, hizi nyumba zetu hazina siri, hata moshi unapita juu ya ukuta. Mdogo wetu ana kifua. Tafadhali nisaidie, uwe unatoka hadi nje ya geti.” Kumtaja daktari si kumdanganya mtu, ndivyo daktari yeyote atakavyosema. Kukiwa na woga, mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba anaweza kuombwa alizungumzie yeye akiwa katika ziara yake ya kawaida, bila kutaja nani alimwambia.

Mwenye nyumba na keateka wana nafasi kubwa kuliko wanavyofikiri. Ploti nyingi tayari zina masharti ukutani kuhusu muziki, maji, mifugo na wageni wa kulala. Mstari mmoja zaidi, “Hakuna kuvuta sigara vyumbani wala kwenye korido”, hauhitaji wakili. Mpangaji mpya akiuona kabla ya kulipa deposti hakuna ugomvi baadaye. Na anayejenga sasa anaweza kupandisha ukuta wa ndani hadi kwenye mabati na kuacha dirisha linalofunguka nje. Gharama ni ndogo wakati fundi bado yupo.

Kwa mvutaji mwenyewe, hatua ya kwanza inayomfaa mtoto mara moja ni kuhamisha kila sigara nje kabisa, mbali na milango na madirisha, kisha kunawa mikono na kubadilisha shati au koti kabla ya kumbeba mtoto. Kuacha kabisa ni bora zaidi, na wengi huacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja. Mamlaka ya NACADA ina nambari ya simu ya bure, 1192, ambako mtu anaweza kupata ushauri, na wahudumu katika vituo vya afya wanaweza kumwelekeza.

Sheria inasema nini

Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwezi Juni 2004, na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 ilianza kutumika Julai 2008. Inatambua haki ya kila mtu kukingwa na moshi wa wengine. Kuvuta sigara katika mahali pa umma nje ya sehemu iliyotengwa ni kosa, na faini yake ni hadi shilingi 50,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Ndani ya matatu, shuleni, hospitalini na mahali watoto wanapotunzwa hapavutwi. Kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa, hata akisema ametumwa na baba. Kuuza sigara moja moja pia hakuruhusiwi, ingawa kila mtu anajua kibanda kinachofanya hivyo.

Vituo vya kulelea watoto wadogo, ambavyo vimeongezeka sana karibu na viwanda vya Thika na kando ya barabara ya Thika huko Ruiru, vinastahili jicho la mzazi. Mama anayeacha mtoto saa kumi na mbili asubuhi na kumchukua jioni anaacha pumzi za siku nzima mikononi mwa mtu mwingine. Inafaa kuuliza nani anaishi katika nyumba hiyo, nani anavuta, na jiko linawashwa wapi. Malalamiko kuhusu uvutaji katika maeneo ya umma hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo husika.

Kuhesabu pumzi za mtoto

Mtoto mwenye kikohozi na mafua peke yake, anayenyonya na kucheza, kwa kawaida hupona bila antibiotiki. Kinachotofautisha mafua na nimonia ni kupumua, na mzazi yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kukagua.

Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo ipandishwe kidogo hadi tumbo na kifua vionekane. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja, na kuhesabu kuendelee dakika nzima. Nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili hudanganya, kwa kuwa watoto hupumua kwa mwendo usio sawa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Akifikia idadi hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, si baada ya kumaliza chupa ya dawa ya kikohozi kutoka duka la dawa.

Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, ikiwa anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi akiwa ametulia, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anapata degedege, au amelegea na haamki vizuri, basi si wakati wa kungoja asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye dalili yoyote ya kupumua kwa shida apelekwe hospitali moja kwa moja.

Afika kituoni, mzazi ataje moshi bila kuulizwa: nani anavuta, wapi, na kama unatoka chumba cha jirani. Mtoto akipewa amoksilini, dawa imalizwe kwa siku zote zilizoandikwa hata akichangamka siku ya pili. Zahanati na vituo vya afya vya umma viliacha kutoza ada ya matibabu mwaka 2013, hivyo ukosefu wa pesa usiwe sababu ya kukaa nyumbani na mtoto anayehema.

Chanjo ya kuzuia nimonia ya pneumokokasi imetolewa Kenya tangu mwaka 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na ile ya tano-kwa-moja inayokinga pia dhidi ya bakteria wa Hib. Ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na tena miezi 18, na dozi hii ya pili ndiyo husahaulika zaidi kwa sababu mtoto tayari anatembea na kliniki inaonekana ya watoto wadogo. Aliyekosa yoyote kati ya hizo apelekwe na kijitabu chake cha mama na mtoto. Muuguzi ataangalia ni ipi bado inaweza kutolewa.